Kwa Mwanangu wa Nyuma ya Pazia

Baraka, siku moja kabla ya meli

Wilondja mwanangu,

Umekwenda Swima kumuaga tate yako, mama yangu, na ninavyomjua hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Basi nina nafasi. Ndagala za ziwani ziko juani, dada yako Furaha anazilinda zisiliwe na kuku, na baba yako yuko kibandani kwake anaranda mbao ambazo hakuna mtu aliyemwagiza. Tangu asubuhi anaranda. Mimi nimekaa mlangoni, karatasi nimeiweka juu ya kifuniko cha sanduku lako, na kila nikiinua macho naliona ziwa, na kila nikiliona ziwa naangalia kama upepo umegeuka.

Mambo ya nguo, ya chakula cha njiani na ya karatasi ya ruhusa ya kusafiri sitayaandika. Furaha amekuimbia hayo mpaka umeziba masikio. Mimi naandika yale ambayo nikiyasema kwa mdomo yanakuwa ugomvi. Unajua nilivyo. Nikiwa na hofu, sauti yangu inatoka kama ya mtu mwenye hasira. Wewe unanyamaza, na mimi nazidi kukasirika kwa sababu umenyamaza. Kwa kalamu siwezi kupiga kelele.

Nina hofu, mwanangu. Naogopa meli. Naogopa Albertville, ambako utashuka usijue mtu. Naogopa treni kwa sababu sijawahi kuiona, na watu wanaoisimulia wanaisimulia vibaya. Lakini hofu hizo zitakwisha siku nitakayosikia umefika Elisabethville. Iko nyingine ambayo haitakwisha ukifika, kwa maana ndipo itakapoanza. Naogopa kazi yenyewe. Si kwamba ni mbaya. Naogopa kwa sababu nimeona unavyoifanya.

Unakumbuka siku uliyoleta neno lile hapa nyumbani? Ulikuwa umerudi likizo kutoka masomo ya walimu ya Fizi. Tulikuwa tunakula bugali na sombe, na baba yako alikuwa anasema habari za Lubondja, kwamba shule ya kule inatafuta mwalimu na watu wamekwisha kukutaja. Ukaweka mkono chini, ukasema:

“Baba, mi nataka kazi ya rejiseri.”

Baba yako akanitazama mimi, kama kwamba mimi ndiye niliyekufundisha Kifaransa.

“Iko kazi gani hiyo?” akauliza.

“Ni mutu mwenye kukaa nyuma ya pazia wakati wa mchezo. Yeye ndiye anajua nani anatoka saa gani, kiti kinakaa wapi, taa inawashwa wakati gani. Wengine wanacheza. Yeye anawapeleka na anawarudisha.”

“Na batu batakuona wapi?”

“Hawataniona, Baba.”

“Mi nimekusomesha miaka yote hii,” akasema, “ili usionekane?”

Mimi nami nikaongeza maneno yangu, mengi kuliko ya baba yako. Nilikuwa nimekwisha kukuona Lubondja. Nilikuwa nimeiona nyumba yako, na bustani ya vitunguu mbele yake, na watoto wanasimama ukiingia darasani. Mtu akichukua kitu ambacho umekwisha kukiona hivyo, unalia kama amekuibia, hata kama hakikuwa chako. Nilikuambia kwamba hiyo si kazi, ni mchezo wa watoto. Ukaondoka ukaenda kukaa karibu na maji, na bugali yako ikapoa.

Halafu ikaja sikukuu ya kufunga masomo. Ulituma neno kwamba mtaonyesha mchezo mchana, baada ya ibada, na kwamba wazazi wote wamealikwa. Mimi nikasahau ugomvi wetu. Nikatangaza Baraka nzima kwamba mwanangu anacheza mbele ya bwana mkubwa wa teritwari, yule Mzungu wa serikali. Baba yako akakataa kuja, akasema ana mlango wa kumaliza. Nikapanda kamyo ya pamba pamoja na jirani yetu Mama Zabibu, tumekaa juu ya magunia, na njia yote ya kupanda Fizi nilikuwa nashika kitambaa cha kichwa kisiruke na upepo, kwa kuwa nilikuwa nimekiazima.

Wewe hujui nilichoona siku ile, kwa sababu ulikuwa upande wa pili wa pazia. Acha nikueleze.

Mlikuwa mmefunika madirisha ya chumba kikubwa kwa mablanketi, mwanga ukawa unaingia upande mmoja tu, ukamwangukia mtu aliyesimama katikati. Mtu huyo alikuwa Semahoro, rafiki yako wa Bibokoboko, yule mrefu. Alikuwa mfalme aliyekataa kuzeeka. Mlitunga ninyi wenyewe mchezo ule, na mimi mpaka leo nafikiri ulikuwa na maneno mengi mno, lakini Semahoro alikuwa mfalme kweli. Aliposema, hata watoto wachanga walinyamaza.

Mama Zabibu akaniinamia. “Mutoto wako iko wapi?”

“Atatoka sasa.”

Wakatoka askari wa mfalme, hukuwemo. Wakatoka wake zake, ambao walikuwa vijana waliovaa vitenge, na watu wakacheka, hukuwemo. Mama Zabibu akauliza tena, nikamjibu tena vile vile. Mara nikasikia mvua. Ilianza taratibu juu ya bati, ikazidi, ikawa mvua kubwa yenye upepo, na mimi nikakumbuka mihogo niliyoacha imeanikwa uani, nikasema kwa sauti, “Yo! Mihogo yangu!” Watu wa mstari wa mbele wakageuka. Mama Zabibu alikwenda mpaka mlangoni kuchungulia, akarudi na uso wa kushangaa. Kulikuwa na jua kali. Baadaye ndipo niliposikia kwamba ni wewe, na maharage, na sahani pana ya bati.

Hilo lilinifurahisha siku nyingine. Siku ile lilinitia haya tu.

Kisha pazia likafungwa, likakaa limefungwa muda mrefu. Watu wakaanza kukohoa. Lilipofunguka, mfalme akatoka amefunikwa shuka jeupe toka kichwani mpaka miguuni, anatembea polepole, na nikaona kama amepungua urefu. Akaketi. Na sauti ikatoka, lakini haikuwa ya Semahoro.

“Msiuone uso wangu,” ikasema. “Mkiuona mtajua siku zimepita.”

Ilikuwa sauti yako. Wilondja, nilisimama. Mama Zabibu alinivuta kitenge nikaketi. Nikamwambia, “Umuone sasa, ni yeye! Iko chini ya shuka!” Nikalia machozi ya furaha mbele ya watu. Ulisema maneno yote ya mfalme mpaka mwisho, na sauti yako haikutetemeka isipokuwa mahali pale mfalme anapomwita baba yake aliyekufa. Nilidhani unaigiza.

Mwishoni wakalivua shuka. Chini yake alikuwa kijana mfupi, yule aliyekuwa mtumishi wa mfalme hapo mwanzo, jasho linamtoka. Bwana mkubwa alipiga makofi sana, alidhani ndivyo mlivyopanga, kwamba mfalme amesinyaa kwa uzee. Watu wote wakadhani hivyo. Mimi nilikuwa nakutafuta. Mama Zabibu akacheka, si kwa ubaya, akasema, “Basi mutoto wako ni sauti tu.”

Tulipotoka nje nikakuona, nyuma ya jengo. Direkteri wa masomo alikuwa mbele yako, uso wake mwekundu, anakuambia kitu kwa Kifaransa huku amekuelekezea kidole. Nilisikia neno moja tu, kwa kuwa alilirudia kwa Kiswahili ili wengine walielewe: “Nilikukataza.” Wewe ulisimama mikono nyuma, hukujitetea. Ulikuwa na unga wa maharage mpaka kwenye nyusi.

Najua unakumbuka nilichokuambia kwenye kamyo tulipokuwa tunashuka. Maneno hayo sitayaandika tena. Nilikuambia mbele ya watu. Nilikuuliza ulimfanya nini mkubwa wako, na ukanijibu jibu lililonichoma zaidi:

“Mama, ningekueleza. Lakini si habari yangu.”

Nikadhani ni kiburi cha masomo.

Baadaye Direkteri akakataa kutia sahihi jina lako kwa ile kazi ya Lubondja. Akachukuliwa mwingine. Baba yako akaacha kusema nawe isipokuwa habari za mbao, na mimi nilikuwa napika na kuweka sahani chini kwa kishindo. Ulikaa hapa kama mgeni ambaye meli yake imechelewa. Mara nyingi usiku nilitaka kuja kukuuliza, nikaogopa jibu.

Mpaka Semahoro alipokuja.

Siku hiyo wewe ulikuwa umekwenda na baba yako kuchukua mbao. Nilikuwa natoka sokoni nikamkuta ameketi mlangoni pamoja na mzee mmoja aliyevaa koti refu la baridi, ingawa huku kwetu jua lilikuwa linawaka. Semahoro alikuwa amenyoa kichwa. Alinyanyuka akanisalimu kwa mikono miwili.

“Mama, huyu ni baba mukubwa wangu. Tumeshuka toka Bibokoboko kuja kumushukuru Wilondja.”

“Kumushukuru kwa nini?”

Wakatazamana. Yule mzee alisema kidogo kwa Kinyarwanda, na Semahoro akaniuliza, “Hakuwaambia?”

Nikawapa viti. Ndipo nikasikia, mwanangu, kutoka mdomoni mwa mtu mwingine, habari yako mwenyewe.

Yule mzee alikuwa ametembea kutoka mlimani kuja Fizi kumtafuta Semahoro, kwa sababu baba yake Semahoro alikuwa amezidiwa, analiita jina la mwanawe. Alifika mlango wa nyuma wakati ule ule wa mvua ya maharage. Wewe ndiye uliyekuwa mlangoni. Alikuambia, na Direkteri alikuwa karibu akasikia. Direkteri akasema aachwe amalize mchezo kwanza, bwana mkubwa amekuja kumwona mfalme, saa moja haitaua mtu. Akakukataza kumwambia. Akaenda kuketi mahali pake.

“Nilitoka kwenye mwanga nikaingia nyuma,” Semahoro akasema, “na nilikuwa nimefurahi, kwa sababu batu walikuwa wamenyamaza. Wilondja akanishika hapa, kwenye bega. Akasema, ‘Semahoro, baba yako anakuita. Baba mukubwa wako iko mlangoni. Vua hiyo nguo, wende.’ Mi nikamuuliza, ‘Na mchezo?’ Akasema, ‘Mchezo ni kazi yangu. Wende kwa baba yako.’ Alinivua joho yeye mwenyewe. Alinipa viatu vyake kwa sababu mi nilikuwa pekupeku kama mufalme wa zamani. Viatu vyenyewe ndivyo hivi.”

Akavitoa katika mfuko wake, amevipaka mafuta. Mimi nilikuwa nimekugombeza kwa ajili ya viatu hivyo pia. Ulisema vimepotea.

“Ulimukuta?” nikauliza.

“Nilimukuta, Mama. Alinijua. Tulisema naye mpaka jua likatoka, akaomba maji, nikamunywesha mi mwenyewe. Akafa nimemushika.”

Yule mzee hakusema Kiswahili kingi. Alisubiri Semahoro amalize, akanyanyuka, akaweka mbele yangu kibuyu cha maziwa, akasema, “Mama, mutoto wako iko mutu.” Basi. Maneno hayo tu, akaketi.

Niliingia ndani nikajifanya natafuta vikombe. Nilikaa gizani jikoni mpaka Furaha akaja kuniita.

Sasa nitakuambia kwa nini nilikaa muda ule, kwa sababu hukuwahi kusikia habari hii kutoka kwangu. Baba yako anaijua.

Nilikuwa na dada mkubwa, jina lake Nyota. Unajua tu kwamba alikufa Swima akizaa. Siku aliyokufa, mimi nilikuwa Lubondja kwenye arusi ya binamu yetu. Nilikuwa kijana, nimeolewa karibuni, na nilicheza ngoma siku ile kuliko wote. Habari ilifika asubuhi. Aliyeipokea ni mjomba wangu Mlondani, ambaye ndiye aliyekuwa anaongoza mambo yote ya arusi: wakwe waketi wapi, chakula kitoke lini, mzee gani aitwe kwanza. Alimwambia yule mleta habari anyamaze, akamweka katika nyumba ya nyuma na chakula. Akarudi kwa wageni. Alinikuta nacheza, akanitazama, akapita. Mpaka wakwe walipokula wakashiba wakaondoka, ndipo akaniita pembeni. Tulipofika Swima walikuwa wamekwisha kumzika. Niliona udongo tu, bado umelowa.

Sikumsalimu mjomba Mlondani tangu siku hiyo. Akija hapa, mimi nakwenda ziwani. Akituma samaki, nampa jirani. Watu walinisihi, baba yako alinisihi, nikakataa. Alipokuwa anakaribia kufa akaniita, nikaenda kwa shingo ngumu, nikasimama mlangoni. Alikuwa amekonda sana. Akaniambia:

“Siku ile, mi nilikuwa naona meno yako unacheka, na mi peke yangu najua. Nilifikiri nakupa siku moja tena ya kuwa na dada. Nimeibeba siku hiyo mpaka leo.”

Nilimshika mkono. Lakini Wilondja, nilikuwa nimechelewa. Alikuwa amebeba peke yake miaka mingi, na mimi nilikuwa nimemwongezea mzigo kila nilipokwenda ziwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepewa arusi aishike isianguke, na habari ikamkuta mikono yake imejaa.

Ndiyo sababu nilikaa jikoni gizani. Wewe mikono yako ilikuwa imejaa vile vile, na uliiachia. Nilifurahi mpaka kifua kikauma. Na papo hapo nikaogopa, na hofu ile haijaniacha. Sasa najua kazi yako ni nini. Wewe ndiye ambaye habari inamkuta kwanza, wakati wengine wote wako kwenye mwanga wanacheka. Siku moja utamwambia mtu na itakuwa ni vibaya kumwambia, atavunjika mbele ya watu na atakulaumu. Siku nyingine utanyamaza kwa huruma, na atakulaumu mpaka uzeeni kama nilivyomlaumu mjomba. Nimejaribu kutafuta namna ya kukuambia utajuaje, na sina. Ningekuwa nayo ningeiandika hapa kwa herufi kubwa. Nakuomba tu usifanye haraka kuamini kwamba ulikosea, na usifanye haraka kuamini kwamba ulifanya vema. Mjomba angekuwa na mtu wa kumwambia neno hilo, labda asingekonda vile.

Halafu iko ile nyumba ya michezo ya Elisabethville, unakokwenda kufanya kazi. Baba yako mdogo Amisi, aliyekutafutia nafasi, ni seremala kule na ametuambia wazi. Utaingia kwa mlango wa nyuma. Utabeba viti, utavuta kamba, utafagia. Rejiseri ni Mzungu, na watu weusi hawaketi kule mbele. Watakuita kwa jina ambalo si lako. Utamwona anakosea, utajua anakosea, na utashika kamba yako. Nilipokuuliza utavumilia mpaka lini, ulinijibu:

“Mpaka nijue kila kitu, Mama. Halafu nitarudi. Tutakuwa na mchezo wetu, tutauonyesha Fizi, tutauonyesha Baraka, tutaupandisha mpaka Bibokoboko. Batu wa ziwa na batu wa mlima kwenye jukwaa moja la mbao. Na Baba atatengeneza mbao.”

Ulisema hivyo macho yako yanawaka, na baba yako alikuwa anasikiliza akajifanya anatafuta misumari. Mimi sikukujibu vizuri. Nilisema, “Wengi wanasema watarudi.” Nisamehe kwa hilo. Ni hofu ndiyo iliyosema. Nataka uende ukajue kila kitu. Nikisikia unafagia sitaona haya, nitamwambia Mama Zabibu mimi mwenyewe kabla hajaniuliza. Lakini ukiona umeanza kufagia bila kutazama, ukiona siku zinapita huangalii tena nani anatoka na nani anaingia, basi rudi, hata bila kitu mkononi. Hapa kuna sahani yako, na safari hii nitaiweka chini polepole.

Semahoro aliniambia kitu kingine siku ile. Alisema tangu alfajiri ulikuwa umewafunga wote nguo zao, umewapa viazi, umewapangusa jasho, na wewe mwenyewe hukutia kitu mdomoni mpaka jioni. Alikisema kwa kukusifu. Mimi mama yako sikukisikia kama sifa. Unajua kila mtu asimame wapi, na hakuna mwenye kazi ya kujua wewe umesimama wapi. Hapo ndipo ninapoamka usiku.

Na sasa lile lenyewe, ambalo nimelizunguka tangu nilipoanza. Baba yako anakohoa tangu mvua zilipokwisha. Tate yako ni mzee, umemwona leo. Mimi niko mzima, lakini nani anajua. Habari ikitoka hapa itakwenda kwa meli na kwa treni, na itafika kwenye mlango wa nyuma wa nyumba ile. Nani atakuwa mlangoni? Nimefikiri sana mtu huyo. Sijui uso wake. Labda atakuwa na mchezo wake wa kumaliza, na bwana mkubwa wake ameketi mbele. Labda ataona wewe ni mvuta kamba tu, asubiri kwanza umalize kuvuta kamba. Kwa hiyo nakuomba neno moja, na ukisahau yote usilisahau hili: ukifika, tafuta mtu mmoja katika kazi ile, Mweusi au Mzungu, fundi au mfagiaji, umwambie jina langu na la baba yako. Mwambie una watu Baraka. Ale nawe. Ajue ukiwa kimya ni kimya gani. Usiwe wewe peke yako unayewajua wengine.

Nilikuwa nimefika hapo, baba yako akaja kutafuta maji ya kunywa. Amejaa vumbi la mbao mpaka kwenye ndevu. Akasimama juu yangu.

“Unaandika nini siku nzima?”

“Namuandikia Wilondja.”

“Wilondja iko Swima tu hapo. Anarudi sasa hivi.”

“Najua.”

Hakuondoka. Akasema, “Nisomee.”

Nikamsomea sehemu ya mwisho, ile ya mlango. Unamjua baba yako, nilidhani atasema nakutisha bure. Alikunywa maji yake, akafuta mdomo. Baba yako, Wilondja, ambaye hajapanda meli maishani mwake, ambaye kwenda Uvira tu kulimshinda. Akasema:

“Mwandikie hivi. Kama habari mbaya inatokea hapa, hatutatuma mutu. Mi mwenyewe nitapanda hiyo meli, na hiyo treni, na nitasimama kwenye mlango huo mpaka atoke. Na kama ni mi ndiyo nimekufa, wewe mama yake utakwenda.”

Kisha akarudi kwenye mbao zake. Namsikia anaranda.

Basi nimeandika kama alivyosema, na ahadi yangu nimeitia humo pamoja na yake.

Mama yako na baba yako,
Esteri na Etando